Klori haiondoe madini katika maji: mambo ya kuuliza mbele ya kununua filtri ya «nano»



Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, sisi wote wa Beni na Butembo tulizoea klori. Ilitusaidia, na tuendelee nayo. Lakini klori inaua mikrobu. Arseniki ao zebaki, ile wachimbaji wanashikisha nayo zahabu, si kitu chenye uhai. Hakuna cha kuua. Kuchemsha nako hakutoshi. Angalieni supu: ikitokota sana, maji yanapungua, chumvi inabaki na inazidi ukali. Madini mengi ni vile vile.

Madini lazima yashikwe ao yageuzwe. Hapo ndipo filtri za nano zinaingia. Nano maana yake ni kitu kidogo sana: nanometa moja ni milimita moja iliyogawanywa mara 1.000.000. Udogo unasaidia nini? Tieni kipande cha muhogo mkavu ndani ya maji, kisha tieni unga wa muhogo. Unga unalowa mara moja, juu maji yanaugusa pande zote. Chembe za nano nazo zinagusa maji mahali pengi, na madini yananasa juu yake.

Zingine zinafanya kazi ya katalizi, ni kusema zinaharakisha mageuzi bila zenyewe kuisha. Mfano ni mchanga uliopakwa manganizi. Maji ya kisima yenye chuma yanatoka meupe, kisha yanakuwa mekundu ndani ya bidoni. Ule mchanga unasaidia chuma kushika hewa na kugeuka kutu upesi, kutu inabaki kwenye mchanga.

Jirani zetu wa Tanzania wamefanya kazi hii. Askwar Hilonga, mwalimu wa chuo kikuu huko Arusha, aliunganisha mchanga na chembe za nano juu ya kuondoa floraidi, ile inaharibu meno na mifupa ya watu wengi wa kule. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi. Tushike jambo moja: filtri yake inatengenezwa kufuatana na kile kilicho ndani ya maji ya mahali fulani. Filtri ya floraidi isiwe dawa ya zebaki.

Kwa hiyo, muuzaji akifika kwenye kooperative, musitoe feza mbele ya kuuliza:

1. Maji yetu yamepimwa? Rangi na ladha hazionyeshe arseniki. Muanzie kwenye ofisi ya zoni ya afya, waeleze wapi mutapimisha.
2. Filtri hii inashika madini gani, na nani alihakikisha?
3. Inajaa kiisha litri ngapi? Ikijaa, maji yanapita na madini yake, na macho hayaoni.
4. Unga mpya bei gani, na nani ataleta? Muweke feza hiyo kando tangu mwezi wa kwanza.
5. Ule wa zamani unaenda wapi? Usitupwe shambani wala mtoni.

Maji yakiisha kupita kwenye filtri, bado mutie klori juu ya mikrobu. Na kama kijito chenu kinatokea pale wanasafishia zahabu, musingojee filtri: maji ya kunywa muyachote kwingine tangu leo.