Utangulizi: Biashara ya Pili

Uongozi wa vyama vya ushirika vya wanawake na upanuzi wa biashara zao ni taaluma pana, nami nakuomba uingie kupitia Kiirua, kule Buuri, kaskazini mwa Mlima Kenya, ambako familia moja hupanda viazi na bado hufuga ng'ombe wa maziwa.

Akina mama wa huko hawahitaji kufundishwa faida ya kutotegemea zao moja. Viazi huja kwa msimu, na bei huanguka wote wanapovuna. Ng'ombe hukamuliwa kila siku. Shida huanzia kwenye daftari. Chukua kikundi kinachouza maziwa na kununua mbegu za viazi kwa pamoja, fedha zote zikiandikwa ukurasa mmoja. Mvua ya Machi ikichelewa, pesa za maziwa huziba pengo la mbegu, na mwaka ukiisha mweka hazina hawezi kuwaambia wenzake ni biashara ipi iliyowalisha na ipi iliyowala. Basi wanaongeza ya tatu, kuku labda, wakitumaini itaziokoa zote. Naamini vikundi vingi huangushwa zaidi na ukurasa huo kuliko na uhaba wa mtaji. Kila biashara na hesabu yake: hilo ndilo litakalokurudia sura baada ya sura.

Kuna pia suala la jina: la nani limeandikwa katika daftari la chama. Ushirika ulianza Kenya mwaka 1908 huko Lumbwa, mikononi mwa walowezi. Waafrika walifunguliwa mlango miaka ya 1940. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 inataka watu 10 tu kuandikisha chama cha msingi, bila kumbagua mwanamke. Hata hivyo, katika ushirika wa maziwa namba ya uanachama mara nyingi ni ya mume, ilhali anayeamka alfajiri kukamua ni mke. Bila namba, hapigi kura mkutano mkuu. Chama cha wanawake wenyewe humpa hisa, kura na nafasi katika kamati.

Humpa pia nguvu sokoni. Kanuni za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko, lakini dalali akija na lumbesa, yaani mfuko uliojazwa kupita kiasi, mama aliye peke yake na viazi vinavyoanza kuoza atakubali. Wenye mizani na ghala la pamoja wanaweza kumkatalia. Kwa hiyo, kabla ya kuku, ningewashauri wanunue mizani.