Sikio Halizoei Kelele: Kipimo cha Usikivu kwa Wafanyakazi wa Karakana

MTANGAZAJI: 

(SAUTI: Mashine inakata chuma. Inazimwa.)

Hiyo ni mashine ya kukatia chuma, ile yenye kisahani cha duara kinachorusha cheche. Kama unasoma, ikumbuke tu. Aliyewahi kusimama karibu nayo haisahau. Utaikuta Nyamirambo, hapa Kigali, kwenye karakana za mageti na madirisha, jirani na wanyoosha bodi za magari na maseremala. Nyamirambo, hasa Biryogo, ni mahali ambapo Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za wakoloni. Kwa hiyo kijana anayetoka Kiziba au Mahama kutafuta kibarua hapati shida ya lugha. Anashika chuma, fundi anakata, siku zinakwenda.

Tuseme kijana huyo ni wewe. Wiki za kwanza, ukirudi jioni masikio yanavuma kama nyuki. Baada ya miezi michache hayavumi sana, nawe unawaambia wenzako kwamba umezoea. Msikilizaji, sikio halizoei. Ikiwa kelele ile ile haikusumbui tena, huenda ni kwa sababu sehemu ya sikio iliyokuwa ikiipokea imeanza kufa.

Ndani kabisa ya kila sikio kuna chembe zenye vinyweleo, zipatazo 15,000, zinazogeuza sauti kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Zifananishe na majani ya uwanjani. Yakikanyagwa mara moja, yanalala, kesho yake yanainuka. Ndiyo maana mvumo wa jioni huisha asubuhi. Lakini watu wakipita hapo hapo kila siku, panakuwa njia, na njiani hapaoti kitu. Chembe za sikio la binadamu zikifa, nyingine hazioti mahali pake, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wengi wa afya kazini hukubali desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3, muda huo unakatwa nusu. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 91, saa 2. Mashine ya kukatia chuma mara nyingi hufika 100, na kwa hesabu hiyo mgawo wako wa siku nzima ni robo saa tu! Huna chombo cha kupimia? Simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Kama mnalazimika kupaza sauti ili msikilizane, kelele hiyo inatosha kuharibu masikio.

Sasa, kwa nini upimwe wakati unasikia vizuri? Kwa sababu kelele haianzi kwa kukuziba masikio. Inaanza kula sauti nyembamba, hasa zile zilizo karibu na hezi 4000, na hizo huzihitaji sana katika mazungumzo ya chumbani. Sauti nzito zinabaki. Unasikia kwamba mtu anaongea, ila herufi kama s, f na t zinapotea. Mtu anasema "kisu", unasikia "kitu". Mama anakupigia simu kutoka kambini, unadhani mtandao ni mbovu. Watu wengi hulaumu simu kwa miaka kabla ya kulishuku sikio. Na kwenye jengo, anayepiga kelele "jihadhari!" akiwa nyuma yako anahitaji umsikie mara ya kwanza.

Kipimo chenyewe hakiumi wala hakuna sindano. Kwanza mhudumu anachungulia ndani ya sikio, maana nta iliyojaa nayo huziba, na hiyo inaondolewa. Kisha unaketi kwenye chumba cha utulivu, unavaa vipokea sauti, unasikia milio midogo, sikio moja kisha jingine. Ukisikia, hata kama ni kwa mbali sana, unabonyeza kitufe au unainua mkono. Majibu huchorwa kwenye karatasi: alama za duara ni sikio la kulia, alama za X ni la kushoto. Sikio lililoharibiwa na kelele huonyesha mstari unaotumbukia ghafla karibu na 4000, kama shimo barabarani. Fundi anaweza kuwa na shimo hilo naye hajui.

Wapo wanaoinua mkono bila kusikia chochote, kwa kuogopa kwamba tajiri akijua atawafukuza. Hofu hiyo naielewa, kibarua hakipatikani kirahisi. Lakini ukidanganya kipimo, umejidanganya mwenyewe, na majibu hayo hayatakusaidia mwakani.

Pima kabla ya kuanza kazi, au asubuhi ya siku ya kwanza baada ya mapumziko. Masikio yawe yamekaa angalau saa 14 bila kelele, na muziki wa baa za Nyamirambo Jumamosi usiku ni kelele pia. Mwambie mhudumu kama uliwahi kutumia dawa za kifua kikuu za sindano, gentamisini au kwinini, kwa sababu dawa hizo zinaweza kugusa usikivu. Mwambie pia kama uliwahi kuwa karibu na mlipuko au milio ya risasi. Baada ya hapo rudia kila mwaka.

Na hapa ndipo mkimbizi anahitaji uangalifu zaidi ya wengine. Kwenye kiwanda kikubwa, faili la mfanyakazi hukaa ofisini. Wewe leo uko karakana hii, mwezi ujao ile, mwakani pengine umehamishiwa nchi nyingine. Hakuna atakayekutunzia faili. Karatasi ya kipimo cha kwanza ni yako: ipige picha, iweke pamoja na vyeti vya chanjo vya watoto. Bila hiyo, daktari wa mwakani ataona hali ya siku hiyo tu. Hatajua kama umeshuka, wala umeshuka kwa kasi gani.

Anzia kituo cha afya, cha kambini au cha mahali unapoishi, uombe rufaa. Madaktari wa masikio, pua na koo wako hospitali kubwa kama CHUK. Wakimbizi wa mijini Rwanda walianza kuingizwa kwenye mituweli mwaka 2019. Ulizia kwanza ni nini kinalipiwa, kabla hujapoteza nauli. Sheria ya kazi ya Rwanda namba 66 ya mwaka 2018, kwenye mambo ya afya na usalama kazini, inamhusu hata mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Wewe unayetusikiliza Kakuma au Dadaab, Kenya ina kanuni za kelele kazini tangu 2005, na kiwango chake ni desibeli 90 kwa saa 8.

Wakati unasubiri rufaa, tumia vizibo vya sponji. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie kwa kidole kama nusu dakika kijae. Pamba haisaidii, wala kipande cha kitambaa. Mkiwa wawili, pokezaneni mashine, na asiyekata akae mbali. Mfundi wengi huwaweka wanafunzi wao karibu ili wajifunze. Wanaweza kujifunza wakiwa hatua kumi nyuma.

Jambo moja lisisubiri foleni: ukiamka siku moja sikio moja limezima ghafla, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tatizo la namna hiyo wakati mwingine hutibika, lakini siku zinahesabika.

(MUZIKI WA KUFUNGA, SAUTI YA CHINI.)