Baraza la Watunzi wa Programu: Nani Ashike Ufunguo?

Mwezi uliopita vijana watano niliowahi kuwafunza somo la tarakilishi walinijia nyumbani hapa Mombasa wakiwa na jambo lililowatia katika mzozo. Wote sasa wamo katika vyuo vikuu, na wamekata shauri kuanzisha baraza la mtandaoni ambamo wanafunzi wataulizana na kujibizana kwa Kiswahili juu ya utunzi wa programu. Nia yao niliipongeza papo hapo, maana maelezo ya fani hii kwa lugha yetu ni haba mno. Mzozo wao ulihusu nyumba ya baraza lenyewe. Watatu walitaka tovuti ya kawaida, ambayo mtu huifungua, akajiandikisha, akajiwekea nywila na kuanza kuandika. Wawili, ambao bila shaka walikuwa wameyasikia kwangu darasani, walishikilia vikundi vya habari vya mtindo wa Usenet. Walinitaka niwe hakimu.

Mmoja wa wale watatu, binti mwenye ulimi mkali, alinitahadharisha kabla sijafumbua kinywa. "Mwalimu," akasema, "twakuomba usituhukumu kwa mapenzi ya ujana wako." Nilicheka, lakini neno lake lilinichoma kwa kuwa halikukosa ukweli.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawakuwahi kuviona vikundi hivyo, yafaa nieleze. Usenet ilibuniwa mwaka wa 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, ikaanza kazi mwaka wa 1980. Haikuwa na makao makuu. Mtu aliandika ujumbe katika tarakilishi ya chuo chake; tarakilishi hiyo ikampa jirani yake nakala, naye jirani akampa jirani, hadi ujumbe ukaenea katika seva zote zilizokubali kukipokea kikundi hicho. Kila seva ilikuwa na nakala yake. Msomaji naye alitumia programu ya kusomea aliyoichagua mwenyewe, ambayo ilimpangia swali na majibu yake mithili ya shina na matawi, ikakumbuka aliyokwisha kuyasoma na kumwonyesha mapya pekee.

Humo ndimo yalimotangazwa mambo makubwa ya fani hii. Mnamo Februari 1991 Guido van Rossum aliutoa msimbo wa lugha ya Python katika kikundi cha alt.sources. Agosti ya mwaka huo huo Linus Torvalds, mwanafunzi huko Helsinki, alikiarifu kikundi cha comp.os.minix kwamba anaunda mfumo wa kuendeshea tarakilishi, na mfumo huo ndio Linux tuijuayo leo. Mwezi huo huo Tim Berners-Lee akaieleza kazi yake ya wavuti katika alt.hypertext. Ajabu iliyoje! Wavuti, uliokuja kuvimeza vikundi vya habari, ulipigiwa mbiu ndani ya vikundi hivyo hivyo.

Nikawaeleza vijana habari ya Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Bwana huyu hakuwa mwenye Usenet, maana haikuwa na mwenyewe. Alizihifadhi tu jumbe zilizopita katika tarakilishi za idara ya zoolojia, akianza mwaka wa 1981, hadi akawa na kanda za sumaku 141. Google iliponunua hazina ya kampuni ya Deja mwaka wa 2001, ilikuta hazina hiyo haifiki nyuma zaidi ya mwaka wa 1995; yaliyotangulia mengi yalipatikana katika kanda za Spencer. Hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ili kuyahifadhi.

Nami nina kidonda changu. Kwa miaka minne nilikuwa nikijibu maswali katika tovuti moja ya walimu na wanafunzi, ambayo sitaitaja. Niliandika humo masomo ya Pascal hatua kwa hatua, na usiku mwingi niliupitisha nikisaka kosa katika programu ya mtoto nisiyemjua, pengine wa Garissa, pengine wa Busia. Asubuhi moja nikafungua nikakuta ukurasa mtupu. Mwenye tovuti alikuwa ameacha kulipia seva. Nilipompata kwa simu aliniomba radhi kwa upole, akaniambia kwamba hakubaki na nakala yoyote. Sikuwa na la kumjibu. Masomo yangu ningeweza kuyaandika upya. Maswali ya wale watoto, pamoja na namna walivyokuwa wakikosea na kujirekebisha, nisingeweza.

Kufikia hapo wale wawili walikuwa wakitabasamu kama walioshinda kesi. Binti yule hakuyumba. Alinikumbusha niliyoyaruka. Je, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye simu mkononi atakubali kutafuta programu ya kusomea na kuandika jina la seva kabla hajauliza swali lake la kwanza? Na mtu akiandika tusi, nani atalifuta, ilhali limekwisha kunakiliwa kwingi? Na mtu akitoa jibu lenye kosa, atalisahihishaje?

Hoja hizo nzito nilizikubali zote. Usenet haikuuawa na tovuti pekee; ilidhoofishwa na kukosa bawabu. Zamani wageni waliingia kwa wingi kila Septemba, vyuo vilipofunguliwa, wakafunzwa adabu na wenyeji. Kati ya 1993 na 1994 kampuni za biashara kama AOL zilipowafungulia wateja wao mlango, wageni wakawa wengi kuliko walimu. Aprili 1994 mawakili wawili wa Marekani walimwaga tangazo lao la biashara katika maelfu ya vikundi, na tangu hapo barua taka hazikukoma. Mwaka wa 2010 Chuo Kikuu cha Duke chenyewe kilizima seva yake ya Usenet, na Microsoft ikaanza kuvifunga vikundi vyake na kuwaelekeza watu kwenye mabaraza ya tovuti. Tarehe 22 Februari 2024 Google nayo ikaacha kupokea na kupeleka jumbe mpya za Usenet. Isitoshe, si kila tovuti ni kaburi la maarifa: Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka wa 2008, huruhusu majibu kusahihishwa, na yaliyoandikwa humo yana leseni inayomruhusu yeyote kuyanakili.

Hukumu yangu basi niliikopa kwa watumiaji wa lugha ya D, ambayo Walter Bright alianza kuitoa mwaka wa 2001. Wao tangu awali walizungumza katika vikundi vya habari vilivyo katika seva yao wenyewe, mbali na Usenet na taka zake. Wageni walipozidi kutaka tovuti, hawakuvihama vikundi. Walijenga tovuti mbele yake, kama baraza mbele ya nyumba. Anayetaka kusoma kwa tovuti husoma. Anayetaka programu yake ya zamani huitumia. Mwingine hupokea kwa barua pepe. Na wote wamo katika mazungumzo yale yale. Kasoro ipo: ujumbe ukishatumwa haurekebishwi, na kuna wanaolinung'unikia jambo hilo hadi leo. Mimi naona ni bei nafuu. Mwalimu aliye katika shule ya mashambani, ambako mtandao huja na kwenda, anaweza kuvuta jumbe zote za juma asubuhi moja, akawasomesha wanafunzi wake mchana bila mtandao wowote.

Vijana waliteta kidogo kuhusu gharama ya seva, jambo ambalo lilimalizika upesi, na kwa muda mrefu zaidi kuhusu usimamizi. Binti yule alikubali kwa sharti kwamba seva iwe yao na kila ujumbe wa mgeni upitie kwa msimamizi kwanza. Nami nikaweka langu: kila usiku nakala kamili itolewe mahali pa wazi ambapo mtu yeyote, hata asiyewapenda, anaweza kuichukua.

"Hata asiyetupenda, Mwalimu?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, huyo hasa. Wamekwenda kulifikiria hilo. Watarudi Jumamosi, na tayari nimenunua diski ya kuhifadhia nakala ya kwanza.