Maji ya Nanyuki

Kwenye kibao cha Ikweta pale Nanyuki hukosi kijana mwenye jagi, karai lililotobolewa chini na njiti mbili za kiberiti. Hupiga hatua kama ishirini kuelekea kaskazini, humimina maji, na njiti huzunguka upande mmoja. Akivuka kusini, zinazunguka upande wa pili. Juu ya mstari wenyewe, maji yanashuka bila njiti kuzunguka. Wageni hupiga makofi na kutoa pesa.

Nafundisha fizikia, na wanafunzi wakirudi kutoka ziara ya huko hunisimulia hayo kwa furaha kubwa. Siwakatizi. Nawauliza swali moja: maji yaliingiaje kwenye karai? Hakuna anayekumbuka, maana wote walikuwa wamezikodolea macho njiti.

Jibu limo mkononi. Maji yakimiminwa yakigonga ubavu wa kulia wa karai, huanza kuzunguka; yakigonga wa kushoto, huzunguka kinyume. Hata kugeuka tu na karai ili kuwaelekea watazamaji kunatosha. Mzunguko huo ni hafifu, jicho haliuoni, lakini kadiri maji yanavyokaribia tundu ndivyo yanavyozidi kasi, na njiti zinautangaza.

Nguvu ambayo kijana hudai ndiyo inayozungusha njiti ipo kweli. Kwa kuwa dunia inajizungusha, vitu vinavyosafiri mbali hupinda kulia kaskazini mwa Ikweta na kushoto kusini mwake. Huitwa nguvu ya Coriolis, kwa jina la Mfaransa aliyeieleza mwaka 1835. Ndiyo iliyokizungusha kimbunga Idai kilichoipiga Beira mwaka 2019, kikifuata mwendo wa mishale ya saa. Ila penye Ikweta haina uwezo wa kupindisha vitu kulia wala kushoto, na huongezeka polepole mno kadiri unavyosogea mbali. Kutoka hapo hadi ncha ya dunia ni kilomita 10,000 hivi. Hatua ishirini zitabadilisha nini?

Je, maji ya karai hayawezi kabisa kuitii? Yanaweza, kwa subira. Mwaka 1962, Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia tangi lenye upana wa karibu mita 1.8, akalijaza maji kwa makusudi yakizunguka kufuata mishale ya saa, akalifunika na kuyaacha yatulie saa 24. Kisha akazibua kitundu cha sentimita moja hivi katikati. Kwa zaidi ya dakika kumi hakuna kilichoonekana kuzunguka. Ndipo maji yakaanza kwenda kinyume cha saa. Mwaka 1965 watafiti wengine walirudia jaribio hilo Sydney, Australia, na maji yakaenda kama saa. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote: wanasayansi hawakuridhika na tangi moja, wakalijaribu jambo hilo upande wa pili wa dunia.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, kabla ya kuwapakia watoto kwenye basi, wapeni karai. Wamimine wenyewe, kulia na kushoto, palepale uwanjani. Wakifika Nanyuki wamlipe kijana haki yake, kisha wamwombe awape jagi, nao wamimine wakiwa upande huohuo wa kaskazini, kwanza hivi, kisha vile.