Zege Linalokunywa Maji ya Mvua

Mvua za Novemba 2023 zilipoifurikisha Mombasa, lawama zote ziliangukia mitaro. Ni haki, lakini si haki yote. Nyua zilizokuwa za mchanga na minazi leo zimesakafiwa hadi ukutani, na tone lishukalo juu yake halina pa kwenda ila kwa jirani. Tena haliendi mikono mitupu. Hukumba oili ya matatu na tuktuk, vumbi la breki na kinyesi cha mbuzi, likatua mzigo huo katika ghuba ya Tudor, kwenye mikoko wanakozaliana samaki tunaowala.

Ipo sakafu ya namna nyingine, nayo ni zege lenye vinyweleo. Hutengenezwa kwa kokoto, simiti na maji; mchanga huachwa kabisa au hutiwa kidogo mno. Simiti huzivika kokoto utando mwembamba unaozishikanisha, yakabaki matundu yapatayo asilimia 15 hadi 25 ya ujazo wake. Meta moja ya mraba iliyojengwa vyema hupitisha zaidi ya lita 100 kwa dakika, na hakuna masika yanayoshusha kiasi hicho. Chini yake hutandazwa tabaka nene la kokoto tupu. Maji hutulia humo, kisha huzama ardhini polepole. Sehemu kubwa ya taka hunaswa njiani, na oili huliwa kidogo kidogo na vijidudu.

Fundi lazima awe mwangalifu. Maji yakizidi, uji wa simiti huteremka na kuziba chini. Yakipungua, kokoto hubanduka. Asilisakafie kwa mwiko likawa laini, maana atakuwa ameyafunga matundu yenyewe. Alifunike kwa plastiki mara tu anapomaliza, likae siku 7.

Wala tusilisifu kupita kiasi. Malori mazito hulivunja, kwa hiyo lifaalo ni njia za miguu, uwanja wa madrasa na maegesho ya msikiti. Penye kisima au choo cha shimo karibu, tusilijenge: maji machafu yakizamishwa hapo yatatufuata ndooni. Na mchanga wetu mwepesi wa pwani ndio adui wake mkubwa. Lifagiliwe kila juma, na kabla ya masika limwagiwe ndoo moja ya maji. Yakituama, matundu yameziba, na hapana budi yasafishwe kwa mashine ya kufyonza au maji ya kasi.