Mkongwe akitemwa, shabiki hulilia nini?

KILA msimu wa soka unapotamatika na klabu kuanza kutangaza majina ya wachezaji ambao zinaagana nao, kuna jina moja ambalo huzua mjadala kuliko mengine yote.

Si jina la nyota aliyesajiliwa kwa mamilioni akashindwa kutamba, wala la chipukizi ambaye hakuwahi kuondoka kwenye benchi. Ni la mkongwe aliyevalia jezi ya timu moja kwa miaka mingi hadi uso wake ukawa kama nembo ya klabu yenyewe.

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kayole na Komarock hadi Njiru na Ruai, habari ya aina hiyo hujadiliwa ndani ya matatu za Barabara ya Kangundo, kwenye vinyozi na katika vibanda vya kuonyeshea mechi. Wanaokasirika husema shukrani ya punda ni mateke. Wanaoiunga mkono klabu huwajibu kwamba mpanda ngazi hushuka.

Swali ni je, ni upande upi wenye haki? Kisa kimoja kilichofikia kilele chake mwendo mfupi tu kutoka Njiru kinaweza kusaidia kulijibu.

Kipa aliyerudi kupitia Kasarani

Mnamo Agosti 4, 2019, Harambee Stars iliwaalika majirani zao, Taifa Stars ya Tanzania, katika uwanja wa Moi, Kasarani. Ilikuwa mechi ya marudiano ya kuwania tiketi ya fainali za CHAN, mashindano ya Afrika ya wanasoka wanaocheza katika ligi za nchi zao.

Wakenya walikuwa na kila sababu ya kujiamini. Wiki chache awali, Juni 27, Kenya ilikuwa imewapiga Watanzania hao 3-2 katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri.

Hata hivyo, mechi ya kwanza ya CHAN jijini Dar es Salaam iliishia sare ya 0-0, na ile ya Kasarani ikamalizika vivyo hivyo. Mshindi akatafutwa kwa mikwaju ya penalti, na Tanzania ikashinda 4-1. Siku chache baadaye, Shirikisho la Soka la Kenya likaagana na kocha Sebastien Migne.

Aliyesimama langoni mwa Tanzania jioni hiyo hakuwa kijana anayeibukia. Alikuwa Juma Kaseja, mnyakaji aliyekuwa amekaa nje ya timu ya taifa kwa miaka kadhaa, na ambaye wengi walidhani siku zake za kuamua mechi kubwa zilikuwa zimepita.

Jina la Kaseja lilivuma barani miaka 16 kabla ya hapo. Mwaka wa 2003, akiwa bado kijana, alikuwa langoni Simba ilipoing'oa Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi, katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Kila timu ilishinda 1-0 nyumbani kwake, kisha Simba ikaibuka mshindi kwa penalti 3-2 jijini Cairo. Kwa Wanasimba, usiku huo haujawahi kusahaulika.

Kaseja alihamia kwa watani wa jadi, Yanga, kwa kipindi kifupi, akarudi Simba na kuwa nahodha. Lakini mwaka wa 2013, mkataba wake ulipokwisha, Simba haikuurefusha. Mashabiki wakagawanyika. Wapo walioona kwamba kiwango chake kimeshuka, na wapo waliouliza ni vipi kipa wa Cairo anaonyeshwa mlango.

Yanga ilimchukua kabla ya mwaka huo kwisha. Desemba 21, 2013, timu hizo mbili zilikutana katika mechi ya Nani Mtani Jembe, Kaseja akiwa langoni mwa Yanga. Simba ilishinda 3-1. Lawama nyingi zilimwangukia kipa huyo, na kocha wa Yanga, Mholanzi Ernie Brandts, akapoteza kazi.

Jioni hiyo, waliomtema walionekana kuwa wenye hekima na waliomlilia wakaonekana kuwa watu wa hisia tupu. Kaseja aliondoka Yanga, akazichezea timu ndogo zaidi, Mbeya City, Kagera Sugar, kisha KMC. Ilichukua karibu miaka sita kabla ya Kasarani kugeuza hukumu hiyo.

Mwezi mmoja baada ya ushindi wa Nairobi, Tanzania ilikabiliana na Burundi katika mchujo wa Kombe la Dunia. Mechi zote mbili ziliisha 1-1. Kaseja akasimama langoni tena wakati wa penalti, na Tanzania ikashinda 3-0. Burundi haikufunga hata mkwaju mmoja. Taifa Stars pia ilifuzu kwa fainali za CHAN zilizochezwa Cameroon mapema mwaka wa 2021.

Kwa hiyo kisa hiki hakimpi yeyote ushindi kamili. Desemba 2013 iliwasuta mashabiki, na Agosti 2019 ikawasuta walioamini kwamba mchezaji akishaachwa na klabu kubwa amekwisha.

Kutemwa si kwa namna moja

Sehemu ya hasira za mashabiki hutokana na kutotofautisha njia ambazo mchezaji huondoka kikosini.

Ya kwanza ni kumalizika kwa mkataba. Kwa mujibu wa kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, mkataba hudumu kuanzia siku unapoanza kutumika hadi angalau mwisho wa msimu, na kwa kawaida hauzidi miaka mitano. Muda ukiisha, klabu haidaiwi sababu na mchezaji hadaiwi ada. Uhuru huo wa mchezaji ulipata nguvu kubwa Desemba 1995, mahakama ya Ulaya ilipoamua kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman. Watu wengi huukumbuka uamuzi huo kama mlango wa mishahara minono, lakini ulifanya kutengana mwishoni mwa mkataba kuwa jambo rahisi kwa pande zote mbili.

Ya pili ni kuvunja mkataba kabla ya wakati. Hapa sheria ni kali. Mkataba unaweza kukatizwa kwa makubaliano ya pande zote mbili au kwa sababu ya haki. Anayeuvunja bila sababu hiyo hulipa fidia. Mchezaji naye ana kinga yake. Tangu 2018, kanuni zinamruhusu kuondoka klabu ikimnyima mshahara wa miezi miwili isivyo halali, baada ya kuipa notisi ya siku 15 ili ilipe deni lake.

Ya tatu ni kuachwa nje ya timu ya taifa. Huko hakuna mkataba wa ajira kati ya mchezaji na timu. Kocha huita anayemtaka na kumwacha asiyemtaka, na aliyeachwa leo anaweza kuitwa kesho. Ndiyo njia iliyomrudisha Kaseja.

Hesabu mbili tofauti

Kocha na mwenyekiti wa klabu hupiga hesabu ya misimu ijayo. Wanatazama umri, majeraha, mshahara na kijana anayesubiri zamu. Mkongwe anayelipwa vizuri na kucheza mechi chache humzibia chipukizi njia. Kwa klabu nyingi za Afrika Mashariki, ambazo kulipa mishahara kwa wakati ni mtihani wa kila mwezi, hesabu hiyo haiwezi kupuuzwa.

Shabiki hupiga hesabu ya misimu iliyopita. Anamkumbuka mchezaji pamoja na mwaka aliomaliza shule, kazi yake ya kwanza na jirani aliyetazama naye mechi. Mchezaji akiondoka, kipande cha maisha ya shabiki hutangazwa kuwa kimekwisha, tena na mtu ambaye hakumuuliza. Ndiyo maana majonzi hayo huwa makubwa kuliko mabao ambayo mkongwe huyo angefunga katika msimu mmoja uliosalia.

Isitoshe, umri ni kipimo kinachodanganya. Winga anayetegemea kasi huanza kupungua mapema, ilhali kipa hutegemea zaidi kusimama mahali panapofaa na kusoma nia ya mpigaji, mambo yanayokomaa kwa miaka. Mmisri Essam El Hadary alidaka penalti dhidi ya Saudi Arabia katika Kombe la Dunia la 2018 akiwa na umri wa miaka 45. Hata washambuliaji wamewahi kuwashangaza watu. Roger Milla alikuwa ameshaiaga timu ya Cameroon aliporudishwa kwa Kombe la Dunia la 1990 akiwa na miaka 38, akafunga mabao manne na kuisaidia kufika robo fainali.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mifano hiyo hutajwa kwa sababu ni nadra. Shabiki anayetaka kila mkongwe abakizwe kwa ajili ya Milla mmoja anaiomba klabu yake icheze kamari.

Namna ya kuagana

Ukisikiliza kwa makini malalamiko ya mashabiki, utagundua kwamba mara nyingi hayahusu uamuzi wenyewe. Yanahusu jinsi ulivyotolewa.

Julai 2015, kipa Iker Casillas aliondoka Real Madrid aliyojiunga nayo akiwa mtoto wa miaka tisa. Alikutana na wanahabari peke yake, bila kiongozi wa klabu kando yake, akasoma ujumbe wake huku akibubujikwa na machozi. Lawama zilikuwa kubwa hivi kwamba siku iliyofuata klabu iliandaa hafla nyingine uwanjani Santiago Bernabeu, rais wake akiwepo. Wengi walikubali kwamba kiwango cha Casillas kilikuwa kimeshuka. Kilichowachoma ni kiti kile kimoja.

Juventus ya Italia nayo ilimwacha Alessandro Del Piero mwaka wa 2012. Rais wa klabu alikuwa ametangaza miezi mingi mapema kwamba huo ungekuwa msimu wake wa mwisho, jambo ambalo lilizua manung'uniko. Lakini muda huo uliwapa mashabiki nafasi ya kujiandaa. Katika mechi yake ya mwisho ya ligi nyumbani, Mei 13, 2012, Del Piero alipotolewa, alizunguka uwanja akipigiwa makofi huku mchezo ukiendelea na watu hawautazami tena.

Kenya ina kumbukumbu yake pia. Gor Mahia ilipomsajili Dennis Oliech Januari 2019, mashabiki wa K'Ogalo walisherehekea. Huyu alikuwa mshambuliaji aliyetokea Mathare United, akacheza Nantes na Auxerre nchini Ufaransa, na akaifungia Harambee Stars mabao 34. Ndoa hiyo haikumaliza mwaka, na ilivunjika kwa mvutano badala ya mkono wa buriani. Kizazi kilichokua kikimwona kama shujaa hakikupata siku ya kusimama na kumpigia makofi.

Tanzania nako, kiungo Jonas Mkude, aliyekulia Simba, aliagana na klabu hiyo mwaka wa 2023 na kuibukia Yanga. Mkongwe akivuka mtaa na kuvaa rangi za mtani, shabiki hubaki hajui amlaumu nani: aliyeondoka au aliyemfungulia mlango.

Nini kifanyike?

Klabu haiwezi kuendeshwa kwa machozi. Chipukizi wa Mwiki au Njiru anayefanya mazoezi kwenye uwanja wa vumbi hataipata nafasi ikiwa kila mwenye jina atabaki hadi achoke mwenyewe. Lakini wahenga walionya pia kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kumtema mkongwe, klabu inapaswa kuwa na hakika kwamba anayechukua nafasi yake yupo na yuko tayari.

Baada ya hapo, mambo matatu hayahitaji fedha nyingi. La kwanza ni mchezaji mwenyewe kuambiwa mapema, ana kwa ana, badala ya kusoma jina lake kwenye orodha kama abiria aliyekosa basi. La pili ni mashabiki kuelezwa sababu kwa lugha nyepesi. La tatu ni mechi moja ya kuagana, hata ya kirafiki, itakayowaruhusu watu kumshukuru akiwa bado amevaa jezi yao. Klabu iliyo na nafasi inaweza kuongeza la nne, yaani kumfungulia mkongwe njia ya ukufunzi. Kaseja mwenyewe aliingia katika kazi hiyo baada ya kutundika glavu, na elimu ya miaka 20 langoni haikupotea.

Shabiki naye ana wajibu wake. Anayemlilia mkongwe anapoachwa asiwe yule yule aliyemzomea wiki iliyotangulia kwa kosa moja. Wala asimgeuzie kijana aliyerithi jezi hiyo hasira ambazo zilistahili kuelekezwa kwenye ofisi za klabu. Kijana huyo hakumtema mtu. Naye, akidumu, siku yake ya kuagwa itafika, na atatamani aagwe kama alivyoona waliomtangulia wakiagwa.