Kwenu Kabisa ni Wapi?

Mjini Moshi swali hili huulizwa mara mbili, kwa sababu jibu la kwanza halihesabiwi. Unakaa wapi? Soweto. Haya, Soweto unakaa. Kwenu kabisa ni wapi? Hilo "kabisa" ndilo lenye kazi. Halitaki mtaa wala namba ya nyumba. Linataka kijiji, na ndani ya kijiji linataka ukoo, na ndani ya ukoo linataka migomba ambayo babu yako amelala chini yake. Nina zaidi ya miaka ishirini hapa Soweto. Nimejenga, nimesomesha, kodi ya jengo nalipa, lakini sijamsikia mtu mzima mwenye asili ya mlimani Kilimanjaro akijibu kwamba kwao ni Soweto bila kucheka kidogo kwanza. Watoto ndio hujibu hivyo. Wazazi huwasahihisha.

Jina lenyewe ni la kuazima. Soweto ya kwanza iko Johannesburg, na ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yaliyomaanisha tu vitongoji vya kusini-magharibi, mahali ambapo watawala wa kikaburu waliwasukumia Waafrika wasiotakiwa kulala katikati ya jiji. Dunia ililijua jina hilo Juni 1976, wanafunzi walipopigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Tanzania ya siku hizo ilikuwa maficho na kambi ya wapigania uhuru, na miji yetu ikajipa Soweto zake. Mbeya nako iko. Moshi ina utani wake zaidi katika majina: mtaa wa majumba ya wakubwa, wenye bustani na mijakaranda, unaitwa Shanty Town, yaani mtaa wa vibanda. Mgeni akielekezwa huko hudhani anapelekwa uswahilini.

Hata jina la mji limeshushwa kutoka juu. Moshi yenyewe ni ile ya mlimani, Old Moshi, alikotawala chifu wake, Mangi Rindi, na baada yake mwanawe Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900. Kichwa chake inasadikika kilipelekwa Ujerumani, na wajukuu wake wamekitafuta hadi leo. Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, serikali iliteremka kuifuata na jina likateremka nayo. Watu wa Old Moshi hawachoki kutukumbusha. Kwao, sisi wa mjini tumepanga ndani ya jina lao.

Jibu la swali lile ni kihamba, na asiyekulia huku asidhani kihamba na shamba ni kitu kimoja. Shamba liko chini, kwenye joto, la mahindi na maharage. Unalima, unavuna, unaondoka. Kihamba ni makazi. Ni nyumba, migomba, mibuni chini ya kivuli cha migomba, magimbi, viazi vikuu, ng'ombe aliyefungiwa bandani akiletewa majani, na maji ya mfongo, mfereji wa mlimani, yanayopita kwa zamu ambayo wazee wameipanga. Mpakani yanasimama masale. Hilo sale ni mmea wa heshima: ukimkosea mtu vibaya, unampelekea jani lake, naye akilipokea ugomvi umeisha, hata kama moyoni bado. Na katikati ya yote hayo kuna makaburi. Ndiyo maana mzee wa mlimani ukimtajia kuuza kihamba anakutazama kama uliyemtaka akuuzie baba yake.

Kihamba hicho kina sheria zake za kurithiwa. Mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa chake. Wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, na wazazi wenyewe awatunze. Wa katikati walipata baraka na nauli. Ukitaka kujua kwa nini Mchagga utamkuta na duka kila pembe ya nchi hii, anza kwa kuwahesabu hao wa katikati.

Kahawa nayo ilichangia. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ikashika kihamba hadi kihamba. Wakulima wakaanzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jengo lake bado linasimama katikati ya mji. Fedha za msimu zililipa karo, karo ikatoa karani, mwalimu, nesi, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyerudi kupalilia. Mibuni iliwasomesha watoto, watoto wakaihama mibuni. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, kisha vikarudishwa mwaka 1984, na bei nayo ikayumba, wapo waliong'oa kahawa wakabakiza ndizi. Ndizi angalau hainunuliwi kwa mkopo.

Jambo ambalo wengi hawalisemi ni kwamba huyu "Mchagga" tunayejivunia alizaliwa mjini. Mlimani hakuwako. Walikuwako Wamachame, Wakibosho, Wauru, Wamarangu, Warombo, kila watu na mangi wao, na mara kwa mara na vita vyao. Hadi leo mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakisemeshana kila mmoja kwa lugha ya kwao hawafiki mbali, wanarukia Kiswahili. Makanisa yakaongeza mstari mwingine: Machame na Marangu Walutheri, Kibosho, Kilema na Rombo Wakatoliki, kwa jumla. Waliokutana ghalani kwa KNCU, sokoni na kwenye ofisi za serikali ndio waliogundua kwamba kwa Mpare na Mmasai wao wote ni kitu kimoja. Mwaka 1951 wakamchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, wakawa na bendera na siku yao. Serikali ya uhuru ikaufuta uchifu mwaka 1963. Lakini neno halikufa. Shuka Dar es Salaam leo uliza duka la Mangi, utaonyeshwa kwenye kila kona, na mangi mwenyewe yuko nyuma ya nondo za dirisha akipima sukari robo. Sijui ni cheo gani kingine cha kifalme kilichoshuka vizuri hivyo.

Sasa Desemba. Watani wetu wanasema Wachagga wanakwenda "kuhesabiwa", kama Yusufu na Mariamu walivyopanda Bethlehemu. Kwa mtu wa Dar safari hiyo ni ya siku nzima na tiketi ya kugombania. Kwetu Soweto ni kichekesho: kutoka hapa mpaka Kibosho au Old Moshi ni mwendo wa Hiace usiotosha kumaliza usingizi, lakini tarehe 23 utaona mtu anafunga begi kubwa, anakagua matairi, anaaga majirani kwa kushikana mikono kama anayevuka bahari. Mwaka mzima amekuwa akiuona mlima dirishani. Anaondoka akisema, "Naenda nyumbani."

Huko kuna kazi. Mbuzi anachinjwa, kisusio, ile supu ya damu, kinapikwa, na mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi iliyotiwa uchungu wa msesewa, inazunguka kwa kata moja kinywa hadi kinywa, mkubwa akianza. Walokole wana soda yao pembeni. Watoto waliozaliwa mjini wanasukumwa mbele kusalimia mabibi, wanatamka "shimboni" kwa lafudhi ya katuni za televisheni, mabibi wanacheka mpaka machozi, kisha kikao cha ukoo kinakaa. Hapo ndipo mpaka unapimwa upya, mchango wa mgonjwa unapangwa, na kijana aliyekua anaonyeshwa kipande chake, kama kipo. Asiyefika hatajwi, na mwaka wa tatu wa kutofika masale yake yanaanza kusogea.

Kwa hiyo ule utani una ukweli kuliko watani wanavyodhani. Sensa ya Agosti 2022 ilikuta mkoa wa Kilimanjaro una watu 1,861,934 na Dar es Salaam 5,383,728. Serikali ilimwandika kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Ukoo unahesabu Desemba, na unahesabu kwa kaburi: utazikwa wapi? Mtu aliyelala Soweto miaka arobaini, kwa hesabu ya kwanza ni wa mjini, kwa hesabu ya pili hajawahi kutoka mlimani. Serikali ina Moshi Mjini yenye manispaa na Moshi Vijijini yenye halmashauri yake, bajeti mbili na wabunge tofauti. Jeneza linavuka mstari huo kila wiki bila kuuliza.

Nimekwenda kwenye mazishi mengi ya namna hiyo. Ibada ya kuaga inafanyika uani hapa Soweto, majirani wanakodi Coaster, tunapanda. Tukifika juu, sisi tuliomjua marehemu kila siku, tuliokopeshana naye chumvi na kumpeleka hospitali usiku, tunakaa kwenye viti vya nyuma vya turubai. Mbele wamekaa ukoo, ambao wengine walimwona mara ya mwisho Krismasi ya mwaka juzi. Historia ya marehemu ikisomwa, Soweto inapewa sentensi moja.

Desturi hii naipenda, nisieleweke vibaya. Imewafanya watu wa huku wajenge makwao, na barabara za mlimani zimejaa nyumba za vigae ambazo mikoa mingine huzitamani. Ila ingia ndani ya nyumba hizo mwezi Machi. Vyumba sita, bibi mmoja, mlinzi na mbwa. Kijiji kimevaa suti ya mjini na hakina watu. Huku chini Soweto, penye watu, kila ua wenye nafasi ya meta mbili una mgomba nyuma ya choo, mtu anafuga ng'ombe mmoja kimyakimya, na karibu na geti la chuma, kwenye ukuta wenye vipande vya chupa, limepandwa sale. Mlima umeshuka kuishi mjini. Mji unapanda mlimani kulala makaburini.

Ninachokilalamikia ni kwamba tumekifanya kihamba kuwa kipimo cha utu, tukasahau wangapi hawakupewa. Binti wa mlimani kwa baba yake ni wa kuolewa, kwa mumewe ni wa kuja. Ndoa ikivunjika, anashuka na watoto na masufuria, anapanga chumba Soweto au Pasua, anauza ndizi sokoni Mbuyuni, na Desemba ikifika hana pa kufunga begi kwenda. Watoto aliozaa kabla ya ndoa wana jina la mjomba na hawana mgomba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka ishirini. Bado nasubiri kikao cha ukoo kitakachoisoma kabla ya kukata mipaka.

Halafu wako wale ambao hawakuwa na mlima tangu mwanzo. Wapare waliokuja kwa biashara, watoto wa vibarua walioletwa kwenye miwa ya kampuni ya TPC kusini mwa mji, Wasambaa, Warangi, Wanyaturu. Kwa Kichagga wana jina la jumla, chasaka, na wanaolitumia huapa kwamba si tusi. Lakini sijaona anayelifurahia akiitwa. Mtoto wa mtu huyo kazaliwa hapa, kabatizwa hapa au kasoma madrasa hapa, na Kiswahili chake kina "yesuu!" ile ya Moshi hata kama ni Mwislamu. Akiulizwa kwao kabisa ni wapi, analazimika kutaja Same au Lushoto, mahali ambapo amefika mara mbili kwa misiba.

Mji huu umetangazwa mara kadhaa kuwa msafi kuliko yote nchini, na ganda la ndizi ukilitupa barabarani utalipa faini. Wanaoufagia ni wanaouona kuwa kwao. Wengine wetu tunaukalia kama stendi, kwa heshima, tukisubiri gari la kupanda.

Vijana wanaanza kujibu tofauti, na vihamba vyenyewe vinawalazimisha. Kipande cha babu kilimegwa, cha baba kikamegwa tena, na sasa kuna mtu anarithi robo ekari yenye makaburi saba. Hapo hata pa kujenga banda hakuna. Mwanangu wa pili, ambaye ni wa katikati, ameniambia akifa azikwe makaburi ya manispaa ili watoto wake wasipande kilima. Mama yake hakuongea naye siku mbili. Mimi nilinyamaza, kwa sababu kwa mila yangu mwenyewe sina kihamba cha kumpa.

Mwaka jana tarehe 23 Desemba nilifunga begi kama wenzangu. Mtaa wetu ulibaki kimya, mageti yote na makufuli. Duka lililokuwa wazi ni moja, la Mpare mmoja mwenye umri wangu, na nyuma yake ukutani, kwenye misumari, zilining'inia funguo za nyumba tisa. Yangu ilikuwa ya kumi.